Daipoli au antena ya wima, ipi ujitengenezee nyumbani?

Mtu akishapata leseni ya redio ya ridhaa swali ndo hili. Kwa gharama daipoli inashinda mapema, ni waya tu uliokatwa katikati: gawa 143 kwa masafa ya megahezi unapata urefu wote kwa mita, yaani kwa 7.1 ni kama mita 20, kumi kila upande. Ya wima inataka mita 10 tu kwenda juu, ila watu wanasahau zile nyaya za kutandaza chini, na bila hizo nguvu kibao inaishia kupasha udongo joto.

Umbali sasa. Daipoli iliyofungwa karibu na ardhi inarusha mawimbi juu, safi kwa mikoa ya jirani, wakati ya wima inarusha karibu na upeo wa macho kwa hiyo mabara mengine unayafikia, lakini inadaka makelele ya umeme ya mtaa mzima (hilo linanikera kweli). Matunzo? Daipoli kamba zinalegea, ya wima upepo ndo adui.

Una miti miwili, funga daipoli. Una nguzo moja, ining'inize hiyo daipoli kama V iliyopinduliwa. Unataka mbali na uwanja wa nyaya upo, wima. Zote ziwe mbali na nyaya za umeme, hapo hakuna mjadala.