Pale sirudi, hata kama Halla alinitoa machozi

Hasira hii ninayo tangu majira ya baridi na bado haijashuka, bora niiandike. Nilikwenda kuangalia Fjalla-Eyvindur hapa Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, tamthilia ya Jóhann Sigurjónsson iliyoigizwa mara ya kwanza mji huuhuu mwaka 1911. Ukumbi nilioendea uliniharibia usiku.

Kwa asiyeijua: Halla ni mjane mwenye shamba lake, anampenda Kári, mfanyakazi wake. Kumbe Kári ni mtoro, na jina lake halisi ni Eyvindur. Aliiba kondoo kwa sababu ya njaa ya kwao. Halla anaacha mali yote, anamfuata milimani. Wanazaa mtoto, Tóta, na siku wanaume wa mabondeni wanapowafikia, mama mwenyewe anamtupa kwenye maporomoko ya maji. Pale tulilia, na sioni haya kusema. Na jueni kwamba Eyvindur na Halla walikuwepo kweli, karne ya 18, wakaishi mafichoni nyikani miaka mingi.

Sasa sehemu ya mwisho. Kibanda, dhoruba ya theluji, chakula hakuna. Wako wawili tu, na njaa imeshaanza kuwageuza wapenzi kuwa maadui. Waigizaji wanaongea kwa sauti za watu walioishiwa nguvu, ukumbi kimya. Mara mlango wa pembeni ukafunguliwa, mwanga wa korido ukampiga Halla usoni. Mhudumu alikuwa anawaingiza watu waliojichelewesha baa wakati wa mapumziko, glasi za mvinyo mkononi, mmoja bado anatafuna! Wakatupita magotini wakicheka chini chini. Mwigizaji wa Halla akanyamaza. Nilimwona amejishika tumbo kwa mikono miwili, anasubiri walioshiba wakae ndipo aendelee kufa njaa.

Nikamfuata mhudumu, nikamuuliza kwa upole kwa nini hakuwazuia nje. Hata kunitazama hakunitazama. Akasema nao wamelipa tiketi, na kama sijapenda, mlango ndio ule. Mwenzangu akanivuta mkono: "Dada, njoo ukae, tutaukosa mwisho."

Kuanzia hapo kila kitu kilinikera, viti, joto, hata makofi.

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msiende. Lakini yule mama, sijui nguvu alizitoa wapi, aliushika mchezo upya. Alipofungua mlango wa kibanda akatoka kwenye dhoruba, na Kári akakimbia nyuma yake akimwita, nilisahau nimeudhiwa na nani. Kwa ajili yake nendeni. Naam, nendeni, ni kazi kubwa ile, na maisha ya wakulima wa kule zamani sijayaona yakionyeshwa kwa ukweli namna hiyo.

Ila kama kuna ukumbi mwingine wanaoicheza, nendeni huo. Nikikumbuka lile jibu la mhudumu damu inanichemka upya. Barua ya malalamiko nimewaandikia, hawajajibu, na senti yangu nyingine hawaipati.