Mpunga mwekundu au mbegu fupi? Mashamba ya Jatiluwih, kisiwa cha Bali, Indonesia

Kwenye miteremko ya mlima Batukaru, wakulima wa Jatiluwih wana njia mbili. Mpunga mwekundu wa asili hukaa shambani miezi mitano hadi sita, kwa hiyo hulimwa mara moja kwa mwaka. Bua lake ni refu: ukiuzidishia mbolea ya urea hulala masuke yakiwa mabichi, na punje zikigusa maji huoza au huota. Samadi huufaa zaidi, na bei yake sokoni ni nzuri.

Mbegu fupi, yaani aina zenye bua fupi kama IR64, huiva kwa siku 110 hadi 120 na huhimili mbolea. Hatari yake ni kishawishi cha kupanda mfululizo. Miaka ya 1970 serikali ilihimiza hivyo Bali nzima. Ratiba za subak, ushirika wa wakulima wanaogawana maji, zikavurugika. Vidudu vya kahawia vinavyofyonza mabua, pamoja na ugonjwa wa tungro, vikahama jaruba hadi jaruba kwa kuwa chakula hakikukatika.

Kwa maoni yetu, mwekundu utangulie, mbegu fupi ifuate, ila majirani wote wavune pamoja na mashamba yapumzike wiki kadhaa. Anayepanda peke yake huwafugia wenzake wadudu.