Kitabu cha hadithi au kibubu: kipi kimfunze mtoto kuhusu pesa?

Kwa gharama, kitabu kinashinda: hununuliwa mara moja au huazimwa maktaba, na wadogo zake watakirithi. Kibubu ni rahisi, ila kinadai posho isiyokatika; mzazi akiruka wiki kadhaa, somo linakufa.

Kwa uelewa, umri ndio unaoamua. Mtoto wa miaka 4 mara nyingi hudhani sarafu nyingi zinazidi noti moja. Hadithi humwonyesha mhusika aliyemaliza pesa zote akakosa alichokitamani, naye huuliza kwa nini. Hapo msikimbilie ukurasa unaofuata, zungumzeni! Wa miaka 8 anafaa kibubu: anahitaji kuhesabu, kuchagua na hata kujuta mwenyewe.

Kipato chako kikiyumba, anza na kitabu. Posho ikiwepo, tafuta kibubu kinachoonyesha ndani, mtoto azione pesa zikiongezeka.