Mpira wa dizeli wa nyuzi na klipu za bolti kwenye Hilux ya 3L: uzoefu wangu

Kwa kifupi kabla sijaenda mbali, mpira ni mzuri, klipu ni nzuri kuliko hata mpira, washa za kopa (vile vipete vya kuzibia) zilizokuja kwenye kipaketi ni za kawaida tu, na tredi tepu ile nyeupe ya mafundi bomba usiipeleke kwenye mfumo wa dizeli hata ukipewa bure.

Gari ni Hilux ya zamani, injini 3L, ile 2.8 isiyo na kompyuta wala nini, pampu ya nozeli (ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, zinazopuliza mafuta ndani ya injini) inazungushwa na mkanda wa taiming na maisha yanaendelea. Inabeba mbolea na mahindi, barabara za vumbi. Kwa umri ule mipira yote iliyotoka nayo kiwandani ilishakauka, ukiikunja unaona nyufa. Tatizo likawa hili: asubuhi stata inapiga weee mpaka betri inaanza kuchoka, ikishawaka inatoa moshi mweupe kidogo inatulia, ukizima ukawasha saa hiyo hiyo inawaka fasta. Chini ya gari sioni tone. Fundi mmoja akasema hita (zile plagi za kupasha joto injini kabla ya kuwaka), mwingine akasema pampu ya nozeli imekwisha niandae hela. Hela yenyewe aliyoitaja nikasema ngoja kwanza.

Wengi tunachosahau ni kwamba kwenye hizi injini hakuna pampu ya umeme ndani ya tenki, ni pampu ya nozeli yenyewe ndo inavuta mafuta kutoka nyuma huko kupitia filta. Sasa upande wa kuvuta ukiwa na ufa haudondoshi, unavuta upepo, ni kama mrija wa soda wenye tundu. Usiku dizeli inarudi zake tenki taratibu, asubuhi stata inasukuma hewa. Kwa hiyo gari inaweza kuvuja na sakafu ikawa kavu kabisa, na hapo ndipo watu wanauziwa pampu wasizohitaji.

Nilichofanya nyumbani ni kipimo cha kidumu. Unachukua kidumu kisafi cha dizeli, unakifunga juu kuliko filta, unatoa mpira unaotoka tenki unaweka wa kidumu kwenye filta, na mpira wa kurudishia (unaorudisha tenki dizeli iliyozidi) nao unauelekeza kwenye kidumu hicho hicho. Mafuta yanashuka yenyewe, maana yake kuanzia filta kuja mbele tundu lolote sasa litadondosha badala ya kuvuta. Kati ya filta na pampu niliweka kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani ili nione mapovu (hicho ni cha kupimia tu, usikiache, joto la injini linakikausha kinapasuka). Gari ikalala hivyo, asubuhi ikawaka hata stata haijazunguka vizuri, filta kavu kwa nje, mapovu hakuna. Basi mchawi yuko nyuma, na kweli, kile kipande cha mpira kinachounganisha tenki na bomba la chuma la kwenye chesisi kilikuwa kimepasuka chini ya klipu, pale pale ambapo macho hayafiki.

Mbele nako kulikuwa na unyevu juu ya nozeli. Hapo niliosha injini kwa sabuni, nikaacha ikauke, nikapuliza poda ya mtoto juu ya nozeli zote nikaacha injini ingurume. Poda ikalowa kwenye kile kibomba cha kurudishia kinachopita juu ya nozeli nne, washa zake zilikuwa zimelaliwa. Zile hazirudiwi, ukifungua unaweka mpya, mambo ya kusugua za zamani kwa msasa ni kujisumbua.

Sasa mpira wenyewe. Nilichukua ule mweusi wa nitrile wenye nyuzi, umeandikwa DIN 73379 ubavuni (kiwango cha Kijerumani cha mipira ya mafuta), bei yake ni kama mara mbili ya ule mpira laini usio na maandishi ambao kila duka la spea unao. Maandishi ndo kitu cha kwanza kuangalia, mpira wa maji au wa rejeta ukiuweka kwenye dizeli unavimba unalainika kama haukuwahi kuwa mpira, na ndo maana pia ukiwa na uvujaji wa juu uharakishe, dizeli ikidondokea mpira wa rejeta au mkanda inauharibu. Pima kipenyo cha ndani kwa bomba lako, usinunue kwa macho. Lawama yangu kwake ni ugumu, kona ya karibu na filta haipendi kabisa, ukilazimisha unajibana mafuta hayapiti, ikabidi nikate mrefu zaidi nizungushe.

Klipu ndo zilizonifurahisha. Hizi ni ndogo, za bolti na nati, kingo zake zimekunjwa nje. Zile za skrubu zenye matundu zinakula mpira mwembamba, ukikaza mpira unaingia kwenye yale matundu na kukatika, unaziba uvujaji leo unatengeneza mwingine. Hizi zinabana sawa pande zote na tangu masika sijazigusa tena.

Kutoa upepo hakuna shida, unapiga ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha unalegeza nati za mabomba ya nozeli kidogo, unapiga stata vipindi vifupi ipumzike, dizeli ikitoka bila mapovu unakaza. Pampu ya mkono ikikataa kuwa ngumu, au ikiwa inalowa chini ya kitufe chake, diaframu (kile kiwambo cha mpira ndani yake) imechanika, usihangaike na mipira. Tredi tepu niliyoisema mwanzo inachanika vipande vinakwenda kuziba ndani, nimeona ya jamaa.

Na hili naomba lisomwe: hayo ya kulegeza nati ni kwa injini za kizamani tu. Kama una D4D (dizeli za kisasa za Toyota zenye kompyuta) usiguse bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma, presha mle inapita bar 1,000. Hata hizi za kwetu, usitafute uvujaji wa bomba la chuma kwa kidole, tumia kipande cha boksi. Dizeli ikichoma ngozi unaona kitundu kidogo tu kama cha sindano, hakiumi sana, lakini ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kupaka mafuta ya taa ukalala. Na bomba la chuma la presha likipata ufa halichomelewi, linabadilishwa.

Kwa ujumla mpira naupa alama nne kati ya tano, klipu alama tano. Kilichobaki kwangu ni lile bomba la chuma chini ya bodi, limeanza kutu pale kwenye kishikilio, halijatoboka bado, nikipata mtu wa kukunja jipya vizuri nitaweka lote kutoka tenki mpaka mbele na klipu hizi hizi.