Raleigh ya mbio ya mtumba kwa safari za kazini Mwanza: uzoefu wangu

Naenda kazini kwa baiskeli ya mbio ya Raleigh, ya Uingereza, iliyoundwa kabla sijazaliwa. Natoka Malimbe, napita Nyegezi, Butimba, Mkuyuni na Igogo mpaka mjini, kama kilomita 10, na sina mpango wa kurudi kwenye daladala. Ninaipendekeza baiskeli ya aina hii kwa moyo wote. Ila ukienda kununua, muuzaji atakusifia wepesi wake na rangi ya kiwandani. Wewe inama uangalie ringi kwanza.

Karibu kila duka la spea hapa Mwanza lina tairi za Phoenix, zile zilizoandikwa 28 x 1½, kwa sababu Phoenix ndiyo baiskeli ya Usukumani. Sasa baiskeli nyingi za mbio zilizotoka Uingereza miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina ringi za inchi 27. Kwa macho huoni tofauti. Ukweli umeandikwa kwa maandishi madogo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 32-630. Namba ya kwanza ni upana. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, kwa milimita. Phoenix ni 635. Inchi 27 ni 630. Baiskeli za mbio za siku hizi, zinazoitwa 700C, ni 622.

Milimita 5 zinaonekana si kitu, lakini tairi la 635 kwenye ringi ya 630 linapwaya, na ukiendelea kujaza upepo linachomoka na tyubu inapasuka. La 622 kwenye ringi hiyo hiyo halipandi kabisa, hata fundi akitumia nguvu zake zote. Na kuna mtego mwingine: tairi lililoandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜ ni 622, wakati 28 x 1½ ni 635. Yote mawili dukani yanaitwa "ishirini na nane". Kwa hiyo usiombe tairi kwa jina hilo. Taja namba ya milimita, na kama muuza spea haijui, mwombe akupe tairi usome mwenyewe.

Niliyoikuta kwa muuza mtumba ilikuwa na 630 mbele na nyuma, tairi zimepasukapasuka kwa jua. Nilimwonyesha ile namba, nikamwambia tairi za kubadilisha nitahangaika kuzipata mjini. Alikuwa ameanzia 250,000, tukamalizana kwa 180,000. Nikatafuta magurudumu mawili ya 700C ya aluminiamu, ya mtumba pia, kwa 70,000. Tairi za 622 zinapatikana, kwa sababu baiskeli nyingi za mtumba zinazoingia sasa ni za kipimo hicho.

Kabla hujafanya mabadiliko hayo pima breki. Kutoka 630 kwenda 622 ukingo wa ringi unashuka milimita 4, na raba za breki lazima zishuke nazo. Angalia ule mwanya kwenye mkono wa breki ambamo skrubu ya raba inapita: kama bado una nafasi ya milimita 4 kwenda chini, umeokoka. Kama raba tayari iko mwisho, utahitaji breki za mkono mrefu zaidi, na hizo kuzipata ni kazi.

Faida niliyoipenda kuliko zote ni kuondokana na ringi za chuma. Zile za kung'aa ni nzuri kwa macho, lakini zikilowa, raba inateleza juu yake na baiskeli inaendelea kwenda. Mji wetu ni wa mawe na vilima. Anayeshuka Bugando au Isamilo masika ya Machi hadi Mei akiwa na ringi za chuma anahatarisha maisha yake, nasema hivi bila kutia chumvi. Aluminiamu ikilowa nayo inapungua nguvu ya kushika, ila inashika.

Fremu ndiyo iliyonifanya nitoe hela. Bomba la wima chini ya siti lilikuwa bado na stika ya Reynolds 531, aina ya chuma cha mabomba ya baiskeli. Chuma hicho kina manganizi na molibdenamu, na kilianza kuuzwa mwaka 1935. Mabomba yake ya aina bora ni membamba katikati na manene kwenye ncha, pale yanapoungana. Ndiyo maana fremu ni nyepesi na inanyumbulika kidogo kwenye barabara mbovu, mikono haifi ganzi.

Nikaipeleka kwa fundi mzee ninayemwamini. Baada ya shikamoo na marahaba aliigonga kwa kucha, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, hii usimpe mtu wa kuchomelea." Ni kweli. Mabomba haya yaliunganishwa kwa shaba, kila kiungo kikiwa na soketi yake, kwa moto wa kiasi. Ukipiga welding ya umeme kwenye bomba jembamba namna hii, chuma kando ya kidonda kinabadilika na kesho kinakatika hapo hapo. Kama fremu ina ufa na fundi wako hajui kazi ya gesi na shaba, iache, hata kama bei ni ya kutupa.

Mambo mawili mengine ya kufanya papo hapo kabla hujalipa: legeza nati ya siti ujaribu kuzungusha nguzo yake, kisha legeza usukani ujaribu vivyo hivyo. Nguzo ya aluminiamu iliyokaa miaka mingi ndani ya bomba la chuma bila grisi hugandana nalo. Isipozunguka, shusha bei au ondoka.

Kufufua ndani kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Grisi ilikuwa imekauka mpaka imekuwa ngumu. Fundi alifungua hab (kitovu cha gurudumu) na krenki (ekseli ya pedali), akaosha kwa mafuta ya taa, akaweka gololi mpya zote: za robo inchi 11 kila upande kwenye krenki, 9 kila upande kwenye hab ya nyuma, na zile ndogo 10 kila upande mbele. Usichanganye gololi mpya na za zamani, maana mpya hubeba mzigo peke yake. Bakuli za krenki, zile gololi zinamokaa, kama ni nzima zirudishie. Baadhi ya Raleigh bakuli zake zina nyuzi (zile za kufungia kama skrubu) 26 kwa inchi badala ya 24 za kawaida, na bakuli za dukani hazitaingia.

Cheni nilibadilisha. Kuipima ni rahisi: pini 25 mfululizo, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, ni inchi 12 kamili. Ikivuka kwa moja ya nane ya inchi, imeshaanza kula meno ya friwili, yaani gia za gurudumu la nyuma.

Gia zake ni za vijiti viwili kwenye bomba la chini, zisizo na vituo. Unasogeza mpaka cheni inyamaze. Watu wengi wanaziogopa, mimi nazitetea: kwa kuwa hazina vituo, zinakubali friwili ya gia tano au sita, ya kampuni yoyote, ya bei yoyote. Mbele nina gia za meno 52 na 42, nyuma kubwa ina meno 28, na hiyo inanitosha vilima vyote vya njia yangu.

Usukani wa kupinda nimeubakiza. Jioni upepo wa ziwani ukikaza nashika chini, nainamisha mgongo na mwendo haupungui sana. Nimeongeza madigadi, keria ya kubebea begi, taa mbili na miwani. Miwani msiidharau: kuna jioni vidudu vya ziwani vinapanda kama moshi juu ya maji na vikifika barabarani huwezi kufumbua macho wala mdomo.

Pamoja na kazi ya fundi, tairi, cheni, gololi na nyaya mpya za breki na gia, haikufika 400,000. Kinachosubiri sasa ni tairi za upana wa 32 badala ya 28, kwa ajili ya kipande cha vumbi cha kwetu Malimbe. Nimeshapima kwenye foku, na nafasi ipo hata madigadi yakiwa yamefungwa.