Kulipia tiketi za matamasha ya Japani ukiwa ng'ambo: njia ya kuanza nayo na ya kuepuka

Kumwona msanii wako Nippon Budokan au Tokyo Dome, kumbi kubwa za Tokyo, si lazima kukufilisi. Tiketi ya tamasha kubwa kwa kawaida huwa kati ya yeni 8,000 na 15,000, na anayefunga safari hadi Japani ameshajipanga kwa kiasi hicho. Kinachowakwamisha wengi ni kulipa kwenyewe. Tovuti inadai namba ya simu ya Japani, kadi inakataliwa bila maelezo, au pesa zinatakiwa taslimu dukani ndani ya siku chache na wewe uko Mombasa. Njia zilizo hapa chini nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: ipi ina uwezekano mkubwa wa kukufikisha mlangoni na tiketi inayokubalika.

Kwanza soko lenyewe. Wauzaji wakubwa ni Ticket Pia, e+ na Lawson Ticket. Tiketi za wasanii wenye majina huanza kutolewa kwa droo: unaomba, unasubiri, unapata au unakosa. Droo ya mwanzo huwa ya wanachama wa klabu ya mashabiki, hufuata nyingine moja au mbili, na makombo ndiyo huuzwa kwa anayewahi. Ukishinda droo umeshanunua. Hakuna kughairi, na pesa hazirudi kwa sababu viza yako imechelewa. Mkenya au Mtanzania anayehitaji viza alipime hilo kabla ya kuomba, maana droo nyingi hufanyika miezi kadhaa kabla ya tamasha.

Nafasi ya kwanza: ukurasa wa wageni wa muuzaji rasmi, kwa kadi

Hii ndiyo ya kuanza nayo kila mara ikiwepo. Wauzaji niliowataja wana kurasa za Kiingereza kwa wanunuzi walio nje ya Japani, ambako hakuna anayekuuliza namba ya simu ya Japani wala anwani ya huko. Unalipa kwa Visa au Mastercard, na tiketi huja kwenye simu au unaichukua ukishafika. Ubaya wake ni kwamba si kila tamasha huwekwa huko, na viti vinavyotengwa kwa wageni huwa vichache. Angalia tovuti ya msanii mwenyewe: tamasha likiwa na mauzo ya ng'ambo, kiungo huwekwa kwenye tangazo. Matamasha ya siku kadhaa ni rahisi zaidi. Fuji Rock, inayofanyika Naeba mkoani Niigata, imezoea wageni na huwauzia tiketi kwa Kiingereza.

Sasa kadi. Japani imebana sana ukaguzi wa malipo ya mtandaoni, hivyo kadi yako lazima iwe na uthibitisho wa benki, ule wa kutumiwa namba ya mara moja kwa meseji au kuidhinisha kwenye programu ya benki. Kadi isiyo na huduma hiyo hugonga mwamba hata ikiwa imejaa pesa. Piga simu benki kabla ya siku ya mauzo, uulize mambo mawili: je, kadi imefunguliwa kwa malipo ya nje, na je, kikomo chake cha siku kinatosha?

Droo ina mtego wake hapa. Mara nyingi kadi huandikishwa siku ya kuomba lakini hukatwa siku ya matokeo, wiki kadhaa baadaye. Ikikutwa haina salio siku hiyo, ushindi unafutwa. Ndiyo maana kadi pepe za simu sizipendi kwa droo. M-PESA GlobalPay ya Kenya, kwa mfano, hutoa namba ya usalama inayodumu muda mfupi; kwa kununua papo hapo inafaa, kwa malipo yatakayokatwa mwezi ujao ni kubahatisha. Tumia kadi ya benki ya kawaida, na salio uliache humo hadi matokeo yatoke. Na ukiomba siku mbili tofauti za tamasha, uwe na pesa za zote mbili, kwa sababu unaweza kushinda zote.

Usisahau saa. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita. Mauzo yanayofunguliwa saa nne asubuhi Tokyo ni saa kumi alfajiri Nairobi na Dar es Salaam.

Nafasi ya pili: mtu wako aliyeko Japani, akilipa dukani

Ukiwa na ndugu, rafiki au mwanafunzi wa kwetu anayesoma huko, hii hufungua matamasha ambayo kurasa za wageni hazina. Yeye ana namba ya simu ya Japani, anaomba kwenye tovuti ya Kijapani, na akishinda anachagua kulipa konbini, yale maduka madogo ya saa 24 yaliyoko kila kona. Kwenye maduka ya Lawson na Mini Stop anaanzia kwenye mashine iitwayo Loppi. Kwenye maduka ya 7-Eleven malipo humaliziwa kaunta. Analipa taslimu, na mara nyingi tiketi ya karatasi hutolewa hapo hapo ikishafika tarehe yake. Ada za mfumo na za kutoa tiketi huongezeka juu ya bei, kwa kawaida yeni mia chache kwa kila tiketi.

Muda wa kulipa haubembelezwi. Ukipita, hata kwa dakika, tiketi imekwenda. Kwa hiyo mtumie pesa kabla ya matokeo, si baada.

Jambo la kuzungumza naye mapema ni jina. Matamasha mengi makubwa hukagua kitambulisho, na jina linalotakiwa ni la aliyeomba. Akiomba tiketi mbili, yake na ya mwenzake, mnaingia pamoja. Baadhi ya waandaaji hutaka jina la mwenzake liandikwe tangu siku ya kuomba. Akikuombea wewe peke yako kwa jina lake, unaweza kuachwa nje. Kwa hiyo tafuta mtu ambaye naye angependa kwenda. Tiketi yake mlipie. Ni haki yake.

Nafasi ya tatu: klabu ya mashabiki

Ni kwa mpenzi wa kweli wa msanii mmoja. Unalipa ada ya mwaka, unaingia kwenye droo ya mwanzo. Klabu nyingi zinadai anwani na simu ya Japani, lakini baadhi zina uanachama wa ng'ambo. Soma masharti kwanza, kwa sababu uanachama haukuhakikishii tiketi.

Nafasi ya nne: wakala

Wapo wanaoomba na kulipa kwa niaba yako kwa ada. Muulize jina gani litakuwa kwenye tiketi, itakufikiaje, na ada inarudi ukikosa au hairudi. Swali la pili ndilo huwaumbua wengi: tiketi nyingi siku hizi hukaa ndani ya simu iliyosajiliwa na hazihamishiki. Wakala asiyeweza kueleza namna atakavyokukabidhi, achana naye.

Usiende huko: walanguzi

Tangu Juni 2019 Japani ina sheria dhidi ya ulanguzi wa tiketi. Kwa tiketi inayolindwa na sheria hiyo, anayefanya biashara ya kuiuza kwa zaidi ya bei yake bila idhini ya mwandaaji anaweza kufungwa hadi mwaka 1, kutozwa faini hadi yeni 1,000,000, au vyote viwili. Mnunuzi naye hulizwa getini: tiketi ikigundulika kuwa ya ulanguzi, inafutwa na hakuna wa kumdai. Aliyeshindwa kwenda anaruhusiwa kuuza kwenye masoko rasmi ya kuuziana kwa bei ya awali, ila mengi ya hayo yanataka simu ya Japani, kwa hiyo mtu wako wa nafasi ya pili ndiye wa kuyachungulia wiki za mwisho kabla ya tamasha.