Uzoefu wangu na PRF kwenye implanti ya gego: ni nzuri, ila isiwatoe roho

Wadau mnaoulizia ile huduma ya PRF ya kusaidia fizi ipone baada ya kuweka implanti (ile skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya ili kushika jino bandia), mi nimefanya, gego la chini kulia, kliniki binafsi hapa Dar ambayo jina naliweka kapuni, na jibu langu la haraka ni kwamba inasaidia sana siku za mwanzo ila kama mfuko umekaza msiende kukopa kwa ajili yake.

Kwa asiyejua, PRF (kirefu chake kwa Kiingereza platelet-rich fibrin) inatokana na damu yako mwenyewe. Wanakutoa mkononi kama ya vipimo vya kawaida, wanaiweka kwenye vichupa visivyo na dawa ya kuzuia kuganda afu mbio mbio kwenye mashine ya kuzungusha, na hapo nesi hana stori na mtu maana wakichelewesha damu inaganda hovyo kabla haijajitenga. Niliomba nioneshwe. Kichupa kikitoka kina tabaka tatu, chini nyekundu nzito, juu maji ya njano, na katikati kuna kipande cha njano kinachotetemeka kama jeli. Hicho ndo wanachokitaka. Wanakinyofoa na koleo, wanakikandamiza kinakuwa utando mwembamba, afu dokta anaulaza kuzunguka implanti ndo anashona. Ufundi wenyewe ulianzia Ufaransa mwaka 2001 kwa Dk Joseph Choukroun na wenzake, wazo ni kwamba chembe sahani (zile za kugandisha damu) na chembe nyeupe (zile za kinga) zilizonaswa kwenye ule utando zinaachia vichocheo vya kukuza nyama pole pole kwa siku kadhaa.

Sasa matokeo. Nina implanti nyingine ya zamani ya juu ambayo niliweka bila PRF, ile nilivimba mpaka watu wananiuliza nimepigana na nani. Safari hii uvimbe kidogo, dawa za maumivu nimeziacha mapema, na nyuzi zilipotolewa fizi ilikuwa imeshafunga. Sema sio kipimo cha haki, taya ya juu na ya chini haziko sawa na dokta nae alikuwa mwingine. Na nilipombana huyu dokta kama PRF inafanya mfupa ushike implanti vizuri zaidi, hakunidanganya, akasema faida yake inaonekana zaidi kwenye nyama na maumivu, mfupa unataka miezi yake tu.

Kitu alichonieleza kikaniingia ni hiki: jino la asili lina nyuzinyuzi zinazotoka kwenye fizi na kujichomeka kwenye mzizi, zinaziba njia. Implanti haina hizo, fizi inaikumbatia tu ile titani bila kujichomeka, kwa hiyo uchafu ukikaa pale shingoni una njia nyepesi ya kushuka chini. Yaani hata uwekewe PRF ya dhahabu, ukiacha utando wa uchafu fizi inavimba, inatoa damu, na ukizembea zaidi mfupa unaanza kuliwa. Wavuta sigara na wenye sukari isiyotulia ndo wapo hatarini zaidi, na hapo PRF haina muujiza.

Kwa hiyo mi nyota nyingi nampa klorheksidini ya 0.2%, ile dawa ya kusukutua ya kuua vijidudu mdomoni, ya bei ya kawaida tu famasi. Wiki ya kwanza mswaki haugusi pale kabisa, unasukutua asubuhi na usiku, taratibu, na unatema kwa kuacha yadondoke yenyewe sio kutema kwa nguvu. Ubaya wake upo jamani, chai inapoteza ladha, chumvi huisikii vizuri, ulimi unakuwa wa kahawia, na meno yanashika madoa hasa kama ni mnywaji wa chai ya rangi kama mimi. Madoa yanatoka ukisafishwa. Ila usisukutue papo kwa papo baada ya dawa ya meno, kile kitu kinachotoa povu kinaipunguza nguvu, subiri kama nusu saa. Na usijiongezee muda, ukishamaliza wiki mbili au ulizoandikiwa basi. Kula nilishinda na mtori na uji wa vuguvugu bila mrija maana kule kunyonya kunavuta kidonda.

Malalamiko yangu ni bili. PRF hawakuitaja kwenye makadirio ya mwanzo, nimekuja kuiona kwenye risiti ya mwisho imekaa mstari wake, kwa hiyo ulizeni mapema "hii bei ni pamoja na PRF au bila?" Halafu kama fizi yako pale ni nyembamba sana au imebaki ile laini inayocheza ukivuta shavu, muulize dokta kama unahitaji kuhamishiwa nyama kutoka kaakaani, hiyo ni kazi nyingine na PRF sio mbadala wake.

Sasa hivi natumia mswaki laini pamoja na vile viburashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno. Mkinunua angalieni ule waya wa katikati uwe umevishwa plastiki, ule mtupu unakwaruza titani, na saizi msikisie kwa macho, mwambieni dokta awapimishie palepale kwenye kiti.